Mizani ya Orodha Mbili

Zoezi lenyewe ni fupi. Kila anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana nalo, au hukutana na ndugu yake, katika wiki za mwanzo. Watu wawili wamepewa kila mmoja orodha ya nambari tatu. Nambari ya kwanza ya huyu ikabiliane na ya kwanza ya yule, ya pili na ya pili, ya tatu na ya tatu. Penye nambari kubwa, mwenye nayo apewe pointi moja. Penye nambari sawa, asipewe mtu. Mwisho wa yote, kompyuta itaje kila mmoja amepata pointi ngapi. Basi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kulimaliza kwa kalamu na kipande cha karatasi kabla ya chai yake kupoa.

Ugumu wake, kwa hivyo, haumo katika hesabu. Umo katika kusema. Kompyuta haijui maana ya kushinda, wala kushindwa, wala kulingana, mpaka iambiwe. Mtu akitazama orodha mbili huona mara moja nani yuko juu, na hajiulizi ameonaje. Mashine haioni. Husubiri kauli, tena kauli isiyo na mwanya. Na mtu anapolazimika kukisema kwa kauli kitu ambacho maisha yake yote amekifanya kwa jicho tu, ndipo anapoanza kukijua kile alichokuwa akikifanya.

Katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, zoezi hili liliingia kwa njia ya simu ya mkononi. Aliyelipeleka ni kijana anayesoma fani ya kompyuta katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Aliyelipokea ni binamu yake, binti wa rika lake, aliyebaki nyumbani na kompyuta mpakato kuukuu ambayo kijana huyo alimwachia siku alipopanda boti. Kila alichofunzwa chuoni mchana, kijana alikituma Unguja jioni. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo, na hakuna katika nyumba ile aliyemuuliza sababu, kwa kuwa sababu ilijulikana na kila mtu na ilikuwa miongoni mwa mambo yasiyosemwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mtu mmoja wa ukoo wao aishiye Muscat, ami kwa binti na mjomba kwa kijana, alieleza kwamba riziki yake inamruhusu kumlipia chuo mtoto mmoja, si wawili. Alitaka haki itendeke. Hakutaka kusikia nani mkubwa na nani mdogo, nani mwanamume na nani mwanamke. Alitaka asomewe alama za mtihani wa mwisho wa skuli katika masomo matatu ambayo chuo kingeyatazama. "Aliyezidi ndiye nitakayemlipia," alisema, na wote wakaridhika na neno hilo.

Alama zikasomwa kwa simu, sauti imefunguliwa, mbele ya waliohusika. Binti: Hesabati 71, Fizikia 64, Kiingereza 58. Kijana: Hesabati 68, Fizikia 62, Kiingereza 66. Upande wa pili wa bahari kukawa kimya kidogo, kisha likaja jawabu: 193 kwa 196. Kijana amezidi kwa alama tatu. Hakuna aliyeteta. Nambari hazina mjomba wala shangazi, na siku ile zilionekana kuwa shahidi mwadilifu kuliko wote waliokuwamo barazani. Binti akampa binamu yake mkono wa heri, akaenda jikoni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamelala chini ya zoezi, ingawa lilipofika hakuna aliyeyakumbuka.

Lugha aliyoitumia binti kulifumbua ni Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Jina hilo halikutokana na nyoka chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Ni lugha ya maneno machache mno: yale maalumu, ambayo mwandishi haruhusiwi kuyatumia kwa kazi nyingine, hayafiki arobaini. Karibu yote, hata hivyo, yametokana na Kiingereza, na babu yake binti, mzee mashuhuri kwa mashairi katika baraza za mtaa ule, hakukijua Kiingereza kiasi cha kuyasoma. Kwa hivyo kila baada ya sala ya isha alitaka kufasiriwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mashine yako leo inasemaje?"

Ilikuwa inasema uongo, akajibu binti, na hajui kwa nini. Alikuwa ameiandikia hivi, kwa tafsiri aliyomsomea babu yake: ikiwa nambari ya huyu ni kubwa kuliko ya yule, mwongezee huyu pointi moja, la sivyo, mwongezee yule. Kisha akaijaribu kwa orodha mbili alizozibuni mwenyewe, ya kwanza 4, 9, 2 na ya pili 7, 9, 1. Kwa jicho jawabu li wazi. Saba imeizidi nne, mbili imeizidi moja, tisa zimelingana: pointi moja kwa moja. Mashine ikasema moja kwa mbili.

Mzee akafumba macho, akataka asomewe tena, polepole, kama anavyotaka asomewe beti za mtu mwingine.

"Ni hilo la sivyo," akasema. "La sivyo lina tumbo kubwa, mjukuu wangu. Kila usichokitaja huingia humo. Umetaja kuzidi, hukutaja kulingana. Sasa zile tisa mbili zimekwenda wapi?"

Zilikwenda kwa yule wa pili. Hakuwa na haki nazo, na wala mashine haikumpenda. Alizipata kwa sababu jina lake liliandikwa upande wa pili, na upande wa pili ndiko yalikotupwa yote yasiyotajwa. Majina yangebadilishana nafasi, dhuluma ile ile ingemfaa mwingine. Hili ndilo funzo la kwanza la zoezi, na wanaoanza aghalabu hulipata hivi hivi, kwa kushangaa: upendeleo hauhitaji mwenye nia mbaya. Huweza kukaa katika neno dogo la kuunganisha, ukawa unafanya kazi usiku na mchana, na aliyeliandika akaapa kwa haki kwamba hakumkusudia mtu.

Binti akarekebisha. Akaweka masharti mawili badala ya moja: ikiwa ya huyu ni kubwa, pointi kwake, ikiwa ya yule ni kubwa, pointi kwake, na zikilingana, hakuna neno. Mashine ikasema moja kwa moja. Zoezi likawa limekwisha.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Kuna jambo lililomfurahisha katika kanuni ile, nalo ni kwamba nambari ya kwanza hukutana na ya kwanza, wala haichanganywi na ya tatu. Hiyo, alisema, ndiyo kazi ya mizani, na washairi wameifanya kabla ya mashine kuzaliwa.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa sana. Shairi la mtindo uliozoeleka lina mishororo minne katika ubeti, kila mshororo una mizani kumi na sita, nao umekatwa katikati, nane huku na nane huku, kina cha kati kikilinda mpaka. Mzee huhesabu kwa kidole gumba, akikipitisha juu ya pingili za vidole vingine. Ili binti amwelewe, alimtungia mshororo hapo hapo: Bahari haina mwenye, kila chombo hupitia. Nane na nane. Kisha akauvunja kwa makusudi: Bahari si ya mtu, kila chombo hujipitia. Saba na tisa.

"Jumlisha," akamwambia.

"Kumi na sita, babu. Zote mbili kumi na sita."

"Naam. Na wa pili ni mbovu. Mwimbaji akiuchukua atakwama kabla ya kufika kwenye kina, kisha atakimbia ili awahi mwisho. Ukijumlisha huoni ubovu wake. Jumla imeufunika."

Kauli hiyo ilitua kati yao ikabaki. Hakuna aliyetaja Muscat. Mzee akaomba kahawa, na binti akafunga kompyuta yake mapema kuliko desturi.

Si ajabu kwamba mshairi aliufahamu upesi mchezo wa waandishi wa programu, maana fani hizi mbili ni jamaa wa zamani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye anayetambuliwa kuwa mwasisi wa elimu ya arudhi. Alizikusanya bahari za ushairi wa Kiarabu, akazipanga katika duara tano, na akaipa kila bahari ruwaza yake ya kupimia. Neno bahari tunalolitumia kwa aina za mashairi limetoka katika istilahi hiyo, ingawa Mswahili hakuchukua kipimo chenyewe: Mwarabu hupima kwa mpangilio wa irabu fupi na ndefu na herufi zilizotulia, naye Mswahili huhesabu silabi. Haikupita karne nzima, akatokea Baghdad Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye jina lake, lilipopita katika Kilatini, lilizaa neno ambalo wanakompyuta wote hulitumia leo kwa utaratibu wa hatua za kutatua jambo: algorithi. Kitabu chake cha aljebra, kilichoandikwa katika miaka ya 820 au karibu na hapo, kina sehemu kubwa inayoshughulikia wasia na mirathi.

Sehemu hiyo ya mirathi inafaa kuzingatiwa. Nyumba za Waislamu wa pwani zinalijua jambo hili kwa vitendo: mafungu ya warithi yamekwisha wekwa kabla ya yeyote kufa, na kabla ya kujulikana kama atakachoacha ni shamba la mikarafuu au mkeka. Anayegawa hachagui kanuni baada ya kuona mali. Al-Khalil naye hakusubiri kusikia ubeti wa rafiki au wa hasimu ndipo aweke kipimo. Katika fani zote tatu, ya vipimo vya ushairi, ya mirathi na ya programu, sharti husemwa kwanza na kisha nambari huletwa. Likigeuzwa hilo, nambari zinabaki zile zile lakini hukumu huwa kitu kingine.

Usiku uliofuata, binti alifungua tena programu yake, na mahali pa nambari za mchezo akaweka 71, 64, 58 na 68, 62, 66. Mashine ikatoa jawabu mara moja, bila ya kimya cha Muscat. Mbili kwa moja. Mbili zilikuwa zake.

Huenda msomaji akadhani kwamba hapo ndipo kisa kinapokwisha, na kwamba aliyeonewa amepata shahidi. Binti mwenyewe alidhani hivyo kwa muda wa robo saa. Kisha mazoea aliyokwisha kuyapata ya kuishuku kila kauli yakamrudia. Ikiwa kanuni ya zoezi imempa ushindi, je, kanuni hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu asiyemjua, aliyetunga zoezi la wanaoanza. Hakuitunga kwa ajili ya watoto wawili wa Unguja na karo ya chuo. Basi akaamua kuandika kanuni nyingine, moja baada ya moja, na kuzipitisha zote juu ya nambari zile zile sita.

Kwa jumla, kijana amezidi: 196 kwa 193. Kwa pointi za somo kwa somo, binti amezidi: mbili kwa moja. Python ikiachiwa ilinganishe orodha mbili kwa desturi yake yenyewe, hufanya kama kamusi inavyopanga maneno: hutazama nafasi ya kwanza, na ikiona tofauti hapo, huhukumu na haiendelei. Baba hutangulia babu kwa sababu ya herufi ya mwisho tu, kwa kuwa tatu za mwanzo zimefanana. Na hakuna mtunga kamusi anayejumlisha herufi. Kwa kanuni hiyo binti amezidi, maana 71 ni kubwa kuliko 68, ingawa Kiingereza kingeandikwa kwanza, kijana ndiye angezidi. Kwa alama ya juu kabisa, binti: 71 kwa 68. Kwa alama ya chini kabisa, kijana: 62 kwa 58, kwa kuwa yeye hana somo lililomlemea. Kwa alama ya katikati baada ya kuzipanga, kijana: 66 kwa 64. Na ikiwa Hesabati itahesabiwa mara mbili, jambo ambalo chuo cha kompyuta kingeweza kulitetea vizuri, wote wawili wanapata 264 na hakuna aliyezidi.

Kanuni saba. Tatu zimempa binti, tatu zimempa kijana, moja imewaweka sawa.

Na hapo bado halijahesabiwa lililoachwa nje. Katika Python kuna zana inayochukua orodha mbili na kuzikutanisha nambari mbili mbili, ya kwanza kwa ya kwanza, hadi mwisho. Ikiwa orodha moja ni ndefu kuliko nyingine, zana hiyo husimama pale fupi inapoishia, na kilichozidi hudondoka bila ya onyo. Ni tangu toleo la 3.10, la mwaka 2021, ndipo mwandishi alipoweza kuitaka ikatae orodha zisizolingana urefu. Kabla ya hapo ilimbidi akague mwenyewe, na asipokagua, kimya. Binti alipolisoma hilo alikumbuka kwamba siku ile ya simu Kiswahili hakikusomwa kabisa. Hakikuwamo katika orodha. Somo ambalo mjukuu wa mshairi alikuwa akilipata kwa usingizi lilidondoka kabla ya mlinganisho kuanza, na hakuna aliyelisikia likianguka.

Lipi basi lilikuwa jawabu la haki? Nambari hazikuwa nalo. Kanuni ya jumla ina hekima yake, na wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakipiga porojo: kuna fadhila katika mtu asiyeanguka popote, na chuo ambacho masomo yake yote ni kwa Kiingereza huenda kikamtaka mwenye 66 kuliko mwenye 58. Kanuni ya somo kwa somo nayo ina hekima, kwa kuwa upungufu wa Kiingereza huzibwa kwa miezi ya kusoma, ilhali mwelekeo wa akili katika hesabu hauji kwa kuazima. Kila moja ya zile saba inaweza kutetewa barazani na mtu mwenye busara. Lakini ni lazima itetewe, na mtu, kwa sababu za kibinadamu, zinazosemwa na kujibiwa. Siku ile haikutetewa hata moja. Palikuwa na neno moja tu, aliyezidi, na kila aliyelisikia alidhani kwamba limekwisha kusema kila kitu.

Neno hilo linastahili kutazamwa na watu wanaoishi kwa maneno. Kiswahili hakina umbo maalumu la sifa la kulinganishia. Hutumia kuliko, au huazima vitenzi vya harakati na vya vita. Mrefu kupita nduguye. Hodari kushinda wenziwe. Mali ya huyu imezidi ya yule. Katika kila kauli kuna anayepita na anayeachwa nyuma, anayeshinda na anayeanguka. Na pembeni kuna kitenzi kingine, kulinganisha, ambacho mzizi wake ni kulingana, yaani kuwa sawa, kuchukuana, kupatana. Anayelinganisha, kwa asili ya neno, anaviweka vitu ana kwa ana ili aone vinapokutana na vinapoachana. Anayeshindanisha anatafuta mmoja wa kumwondoa. Ni kazi mbili, na lugha imezipa majina mawili, lakini mtu mwenye haraka hufanya ya pili huku akiitaja ya kwanza.

Python nayo, kwa njia yake kavu, inaijua tofauti iliyo jirani na hiyo. Ina swali moja la kuuliza kama orodha mbili zina nambari sawa, na swali jingine kabisa la kuuliza kama orodha hizo ni kitu kimoja. Orodha mbili zenye 71, 64, 58 hujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili, kwa kuwa kila moja imekaa mahali pake katika kumbukumbu ya mashine, na ukiibadilisha moja nyingine haitikisiki. Binti na binamu yake wangepata alama zile zile nukta kwa nukta, bado wangekuwa watu wawili. Akili ni nywele, walisema wa kale, kila mtu ana zake.

Binti hakupeleka mashitaka Muscat. Alimtumia binamu yake zile kanuni saba na majibu yake, bila ya maneno mengine. Kijana alikaa siku mbili asijibu. Kisha akaandika kwamba amezipitisha tena kwa mkono wake na hakuona kosa, na kwamba tangu aingie chuoni hakuna aliyewahi kumuuliza habari za zile alama tatu. Jioni ile akatuma somo jipya, refu kuliko yaliyotangulia.

Aliyesema alikuwa mzee. Watoto wengine wawili wa ukoo ule, wadogo zao, walimaliza skuli, na mtu wa Muscat akapiga simu kama mwanzo, akataka asomewe alama.

"Bado, mwanangu," akasema mzee. "Kabla hazijasomwa, tuambie: aliyezidi katika nini? Na kwa kipimo kipi? Na wakilingana?"

Kimya cha safari hii kilikuwa kirefu. Waliokuwapo walisikia pumzi yake.

"Baba, mimi kwani nilimdhulumu mtu?"

"Hukudhulumu. Ulijumlisha. Wala sisi hatukukuuliza, na mimi nilikuwapo. Mirathi yetu haigawiwi hivyo, kila mmoja kimoyomoyo. Tuseme sharti kwanza, wakiwa nje ya mlango hawa watoto na karatasi zao zimefungwa."

Walibishana jioni tatu. Palikuwa na waliotaka jumla, na waliotaka somo kwa somo. Shangazi alitaka Kiswahili kiingizwe, na kikaingizwa. Mwisho walikubaliana kwamba masomo manne yakabiliane moja moja, kwamba pointi zikiwa sawa itazamwe jumla, na kwamba jumla nayo ikiwa sawa, fedha zigawanywe nusu kwa nusu na wazee wa hapa Unguja watafute zilizobaki. Watoto wakaitwa, wakasomewa sharti, wakaulizwa kama wana neno. Hawakuwa na neno. Ndipo karatasi zikafunguliwa.

Mmoja alipata, mwingine hakupata. Aliyekosa alilia, kama inavyostahili kulia, lakini alijua amekosa kwa nini, na alilijua kabla, na asubuhi yake aliweza kukaa meza moja na mwenzake.

Na yule mkubwa? Mtu wa Muscat alimuulizia mwisho wa mazungumzo, sauti ikiwa imeshuka: bado yupo nyumbani? Akajibiwa kwamba yupo, na kwamba kanuni iliyotumika leo yeye ndiye aliyeiandikia mashine. Hakuahidi kitu. Alisema atapiga tena Ijumaa, naye si mtu wa kupiga simu Ijumaa.

Programu ile ingali katika kompyuta kuukuu, na haizidi mistari ishirini. Mstari wake wa juu kabisa una alama ambayo katika Python huiambia mashine iruke maandishi yanayofuata, isiyasome wala isiyatende, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja kuisoma. Mashine huuruka kila inapoendeshwa, na jawabu halibadiliki. Binti ameuandika kwa Kiswahili, mizani nane na nane, na babu yake ameuhesabu kwa kidole gumba akauridhia: Sharti litangulizeni, ndipo alama zisomwe.